Kocha aliyeacha kubutua: kisa cha Kevin Kelley na Pulaski Academy

Septemba 2011, jimbo la Arkansas, Marekani. Pulaski Academy, shule binafsi ya mjini Little Rock, ilikuwa ikicheza futiboli ya Kimarekani na Cabot, shule ya umma yenye wanafunzi wengi zaidi kwa mbali. Robo ya kwanza ilikuwa bado inaendelea na ubao wa matokeo ukisomeka 29-0. Kufungwa pointi 29 si jambo geni katika mchezo huu. La kushangaza ni kwamba washambuliaji wa Cabot walikuwa hawajaugusa mpira. Timu ikishafunga hutakiwa kuwaanzishia wapinzani kwa mkwaju, na karibu kila timu hupiga mkwaju mrefu ili mpinzani aanzie mbali. Pulaski ilipiga mkwaju mfupi, ikaufukuzia mpira na kuunyakua, mara 3. Tachidauni 4 ziliingia kabla upande wa pili haujapata nafasi yake ya kwanza ya kushambulia.

Kocha alikuwa Kevin Kelley. Alikabidhiwa timu hiyo mwaka 2003 na kuiongoza hadi mwisho wa msimu wa 2020. Alishinda michezo 216, akapoteza 29, akatoka sare 1, na kutwaa ubingwa wa jimbo mara 9. Nchi nzima ilimfahamu kama kocha asiyebutua, yaani asiyeupiga mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani. Baadaye alichukuliwa na chuo kikuu, akafundisha msimu mmoja, akashinda michezo 2 na kupoteza 9, akajiuzulu.

Wanaompenda Kelley husimulia sehemu ya kwanza na kuiruka ya pili. Wasiompenda huanzia hiyo ya pili. Mimi naamini sehemu hizi mbili zinaelezana, na kwamba jambo linalotajwa zaidi, lile la kutobutua, ni dogo kuliko lililojificha nyuma yake.

Mchezo wenyewe

Kwa anayefuatilia soka au raga tu: uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli mmoja hadi mwingine, na yadi moja inakaribia mita moja. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikizitimiza, inapewa mengine 4 na safari inaendelea. Isipozitimiza, mpira unakabidhiwa kwa wapinzani palepale ulipokomea. Tachidauni, yaani kuuvusha mpira mstari wa goli la wapinzani, ina pointi 6, na baada yake kuna nafasi ya kuongeza 1 kwa teke au 2 kwa kuuvusha tena.

Majaribio 3 yakipita na yadi 10 hazijatimia, mazoea ya miaka mingi yanasema: butua. Mchezaji mmoja anasimama nyuma, anarushiwa mpira, anaubutua kwa mguu uende mbali kadiri awezavyo. Mpira umeupoteza, lakini mpinzani ataanza safari yake mbali na goli lako. Kila mtoto wa Marekani anayekulia katika mchezo huu hufundishwa hivyo, na baba yake alifundishwa hivyo. Kwa hiyo, ingawa kanuni zinatoa majaribio 4, timu nyingi huishi kana kwamba ni 3, na la nne ni la kuagana na mpira.

Hesabu ya Kelley

Alipokuwa akieleza uamuzi wake, Kelley alipenda kuchukua hali mbaya kuliko zote. Timu yako imebanwa kwenye yadi ya 5 ya upande wako, goli liko mgongoni, na ni jaribio la nne. Ukithubutu, yaani ukilitumia jaribio hilo kutafuta yadi badala ya kubutua, ukashindwa, wapinzani wanaanzia yadi 5 tu kutoka golini kwako. Kwa takwimu alizozitumia, watafunga tachidauni mara 92 kati ya 100. Ukibutua, kwa miguu ya vijana wa sekondari, watauchukua mpira karibu na yadi ya 40 ya upande huohuo wako, na kutoka hapo hufunga mara 77 kati ya 100.

Asilimia 77 ni kubwa sana, na msomaji anayefuatilia ligi ya kulipwa ataishangaa. Ni takwimu za sekondari, ambako walinzi ni watoto wa miaka 16 na 17, na mmoja wao akikosea hatua hakuna wa kumfunika. Kelley hakuwa akizungumzia mchezo kwa ujumla. Alizungumzia ule uliokuwa mbele yake kila Ijumaa jioni.

Tofauti kati ya 92 na 77 ni 15. Hicho ndicho kubutua kunachokununulia, na bei yake ni mpira wenyewe. Chukua mara 100 za hali hiyo. Ukibutua mara zote, unafungwa mara 77. Ukithubutu, na tuseme unafanikiwa nusu ya mara hizo, basi mara 50 ulizoshindwa zinakuletea kufungwa mara 46. Mara 50 zilizobaki bado una mpira na majaribio 4 mapya. Ili kubutua kuwe bora, hizo mara 50 zingelazimika kuishia kwa wewe kufungwa tena mara zaidi ya 31 bila wewe kuambulia chochote. Timu yenye washambuliaji wa maana haifikii hali hiyo.

Na huo ndio mfano mkali kuliko yote. Ukiwa katikati ya uwanja, hoja ya kubutua inazidi kudhoofu, kwa sababu mpira ukiubutua kutoka hapo unakuletea yadi chache tu kabla ya kugonga ukomo wa uwanja.

Kelley hakuwa peke yake katika kuwaza hivi. David Romer, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa amechunguza michezo ya ligi ya kulipwa, NFL, ya misimu ya 1998, 1999 na 2000. Alitumia robo ya kwanza peke yake, kwa sababu baadaye saa na matokeo huanza kubadili malengo ya timu. Makala yake ilichapishwa rasmi mwaka 2006. Swali lake lilikuwa la kiuchumi: je, taasisi zenye fedha nyingi na ushindani mkali huchagua kweli lililo bora kwao? Alikuta kwamba katika hali ambazo hesabu ilisema thubutu, timu zilipiga mpira kwa mguu karibu mara 9 kati ya 10. Wataalamu wa ligi tajiri kuliko zote Marekani walikuwa wakikosea upande uleule, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyewakemea.

Majaribio matatu yaliyotangulia

Hapa ndipo naomba msomaji atulie, maana sehemu hii husimuliwa kwa haraka mno.

Timu inayojua kwamba itabutua kwenye jaribio la nne inatakiwa kupata yadi 10 kwa majaribio 3, wastani wa yadi 3.33 kila mara. Timu inayojua kwamba haitabutua inahitaji yadi 2.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uiangalie kwenye jaribio la tatu. Tuseme zimebaki yadi 7. Timu ya kawaida haina budi kurusha pasi ndefu, na walinzi wanalijua hilo kabla mchezo haujaanza: wanarudi nyuma, wanafunga njia za pasi, na wanamwachia mkimbiaji nafasi kwa sababu hawamwogopi. Timu ya Kelley, katika hali hiyohiyo, inaweza kukimbia na kuchukua yadi 4, kisha ikatafuta 3 zilizobaki kwenye jaribio la nne. Inaweza pia kurusha. Mlinzi hana cha kusoma.

Jaribio la pili nalo linabadilika. Zikibaki yadi 2 na majaribio 3 mkononi, unaweza kutumia moja kujaribu pasi ndefu ya kuwashtua, kwa kuwa ikianguka hujapoteza kitu. Ndiyo maana nasema kutobutua si uamuzi wa jaribio la nne. Ni uamuzi unaofanywa wiki nzima kabla ya mchezo, katika kupanga nini kitachezwa kwenye la kwanza, la pili na la tatu. Kocha anayebutua kila siku, kisha Ijumaa moja akaamua kuthubutu kwa sababu amesoma takwimu, hajaiga alichofanya Kelley. Amefikishwa kwenye jaribio la nne na mipango ya majaribio 3, na zimebaki yadi 8 ambazo hakuna aliyezipangia.

Kuna pia hali ya vijana wenyewe. Walinzi wa timu pinzani wamezoea kwamba wakizuia mara 3 wanatoka uwanjani kupumzika na kunywa maji. Wakicheza na Pulaski walizuia mara 3, wakageuka, na kukuta wenzao bado wamesimama mstarini. Kwa mtoto wa miaka 16 aliyemwaga jasho, hilo linavunja moyo. Upande wa pili, walinzi wa Pulaski walizoea kuingia uwanjani wakiwa wamebanwa karibu na goli lao, bila kumlaumu mtu. Timu nyingine ingeona ni balaa. Kwao ilikuwa kazi ya kawaida, na waliifanyia mazoezi kama kazi ya kawaida.

Kelley aliacha pia jambo la upande wa pili: wapinzani walipobutua, hakuweka mchezaji wa kuupokea mpira na kukimbia nao. Kijana anayesubiri mpira unaoshuka kutoka juu huku watu wanamjia mbio huuangusha mara nyingi kuliko kocha angependa, na wenzake wanaomkinga huchezea rafu. Faida ya mbio zile ilikuwa ndogo kuliko hasara ya kuangusha na adhabu. Basi mpira uliachwa udunde hadi usimame, kisha Pulaski ikaanza kushambulia kutoka hapo. Watu hawalitaji sana hili, lakini kwangu ndilo linaloonyesha kwamba kocha huyu hakuwa mcheza kamari. Mcheza kamari asingekataa mbio za kusisimua kama zile. Kelley aliangalia gharama, akakata.

Mkwaju mfupi na yadi 15

Katika mchezo wa sekondari mkwaju wa kuanzisha hupigwa kutoka yadi ya 40 ya upande wa wanaopiga. Mpira ukishasafiri yadi 10, yeyote anaweza kuuchukua, hata upande uliopiga. Mkwaju mfupi unajaribu kuufikisha mpira hapo tu, kisha iwe ni vita ya kuugombania.

Takwimu za Kelley zilisema hivi: baada ya mkwaju mrefu, wapinzani wake kwa wastani walianzia yadi ya 33 ya upande wao, kwa sababu wapigaji wa sekondari hawafiki mbali na wakimbiaji huurudisha. Baada ya mkwaju mfupi ulioshindwa, walianzia yadi ya 48. Tofauti ni yadi 15. Tuseme unafanikiwa mara 1 kati ya 4. Katika mikwaju 4 umewapa wapinzani yadi 45 kwa jumla, na umejipatia mpira mzima ambao haukuwa wako. Ukimuuliza kocha yeyote kama atatoa yadi 45 ili apate nafasi moja zaidi ya kushambulia, huku mpinzani akipungukiwa moja, atakubali kabla hujamaliza swali. Lakini ukimwambia apige mkwaju mfupi katika dakika ya kwanza, atakataa. Ni swali lilelile.

Kuna hoja nzito dhidi ya jambo hili, na ni ya kweli: mkwaju mfupi hufanikiwa zaidi unaposhtukiza. Februari 2010, katika fainali ya NFL, New Orleans Saints walipiga mkwaju mfupi mwanzoni mwa kipindi cha pili dhidi ya Indianapolis Colts, wakaupata mpira, wakashinda 31-17. Colts hawakuutarajia. Sasa timu inayoupiga kila mara itamshtua nani? Jibu la Kelley lilikuwa kuandaa aina nyingi za mkwaju huohuo: unaodunda juu, unaoviringika, unaopigwa kulia na wapigaji wakielekea kushoto, mpigaji akibadilishwa dakika ya mwisho. Wapinzani walijua utakuja mfupi. Hawakujua utakuja vipi, na walikuwa na siku chache tu za kujiandaa kwa jambo ambalo timu nyingine zote za msimu hazikuwafanyia.

Kocha wa timu pinzani alilazimika kuchukua muda wa mazoezi yake na kuutumia kwa mikwaju mifupi. Muda huo hakuutumia kujifunza pasi za Pulaski. Faida hiyo haionekani kwenye takwimu yoyote, lakini naihesabu.

Baadaye Kelley aliongeza jambo lingine tena, aliloliazima kutoka kwenye raga. Kanuni za futiboli ya Kimarekani zinaruhusu kurusha mpira kando au nyuma wakati wowote, ila makocha huogopa kuangusha, kwa hiyo karibu hakuna anayefanya. Alikuwa amebaini kwamba timu inayopata michezo mingi ya yadi 20 na zaidi ndiyo inayoshinda mara nyingi. Akawafundisha wapokeaji wake: ukishadaka na ukaona unakabwa, mwenzako anakuja pembeni, mpasie. Anayetazama raga Nairobi au Kampala atashangaa kwamba hili lilihitaji kugunduliwa. Katika viwanja vya Arkansas lilikuwa jambo jipya kabisa.

Je, ni mkakati au ni vipaji?

Swali hili lazima liulizwe kwa uzito. Pulaski ni shule binafsi, na shule binafsi inaweza kuwavutia wachezaji wazuri. Inawezekana timu ile ingeshinda hata kama ingebutua kila mara. Rekodi ya 216-29-1 peke yake haiwezi kulijibu swali, kwa sababu Kelley alitumia mkakati uleule wiki zote. Hatuna Pulaski nyingine, ya vijana walewale, iliyobutua.

Tuna dalili. Mwaka 2015 walisafiri hadi Texas, eneo la Dallas, kucheza na Highland Park, shule iliyokuwa imeshinda michezo 84 mfululizo nyumbani kwake. Texas ni mahali ambapo mchezo huu wa sekondari unachukuliwa kwa uzito kuliko popote Marekani. Pulaski ilishinda 40-13. Huwezi kusema walikuwa wakionea wanyonge wa mtaani kwao.

Dalili ya upande wa pili nitaieleza mwishoni, kwa kuwa ilikuja baada ya Kelley kuondoka.

Kwa nini wengine hawakuiga

Ikiwa hesabu ni nyepesi hivi, mbona makocha wengine hawakufuata? Jibu kubwa kwangu ni kwamba kocha halipwi kwa hesabu. Analipwa kwa kutofukuzwa. Akibutua na kufungwa, wachezaji wamefungwa. Akithubutu, akashindwa na kufungwa, yeye ndiye aliyefungwa.

Novemba 2009, New England Patriots walikuwa wakiongoza 34-28 ugenini kwa Colts, zikiwa zimebaki dakika 2 na ushee. Jaribio la nne, yadi 2, na walikuwa kwenye yadi ya 28 ya upande wao. Kocha Bill Belichick aliamua kuthubutu. Pasi ilidakwa lakini haikufikisha yadi zilizohitajika. Colts waliuchukua mpira karibu na goli, wakafunga, wakashinda 35-34. Belichick wakati huo alikuwa tayari ana ubingwa wa NFL mara 3 akiwa kocha mkuu, na bado alisakamwa kwa muda mrefu kama mwanafunzi aliyefeli mtihani mwepesi. Kocha asiye na mataji hayo aliona, akajifunza kubutua. Si ajabu kwamba Belichick ni miongoni mwa waliokuja kumsifu Kelley hadharani.

Kelley alipata kitu ambacho makocha wengi hawana: uongozi wa shule uliomwacha afanye, na ushindi wa mapema ulionyamazisha majukwaa. Msimu wake wa kwanza tu, 2003, ulileta ubingwa. Angeanza kwa kupoteza michezo 7, sidhani kama tungekuwa tunalijua jina lake.

NFL nayo imebadilika tangu hapo. Timu zinathubutu kwenye jaribio la nne mara nyingi kuliko miaka ya 1990, na vyumba vya makocha vina wataalamu wa takwimu. Philadelphia Eagles walitwaa ubingwa Februari 2018 kwa mchezo ambao kilele chake kilikuwa jaribio la nne mbele ya goli, kotabeki, yaani mchezaji ambaye kazi yake ni kurusha pasi, akigeuka mpokeaji wa pasi. Lakini lawama hazijabadilika. Januari 2024, Dan Campbell wa Detroit Lions alikataa mara 2 kupiga teke la pointi 3, la kuupitisha mpira kati ya milingoti ya goli, na kuthubutu jaribio la nne. Zote mbili zilishindikana, timu yake ikafungwa 34-31 na San Francisco 49ers, na ikakosa fainali. Kesho yake kilichojadiliwa ni uamuzi wake, huku uongozi wa pointi 17 walioupoteza ukitajwa kwa kupita.

Clinton, South Carolina, 2021

Mei 2021 Kelley alikwenda Presbyterian College, chuo kidogo katika mji wa Clinton. Timu ilikuwa ikiingia katika ligi ya vyuo visivyotoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa mchezo huu. Alikuwa na takribani miezi 4 kabla ya mchezo wa kwanza. Wa kwanza alishinda 84-43, kotabeki wake akarusha pasi 10 za tachidauni, rekodi ya ngazi hiyo ya vyuo. Wa pili alishinda 68-3. Wapinzani wote wawili walikuwa vyuo dhaifu kuliko Presbyterian. Wa tatu ulikuwa dhidi ya Chuo Kikuu cha Campbell, akafungwa 72-0. Hakushinda tena.

Waliosema siku zote kwamba huo ulikuwa mchezo wa watoto walifurahi. Nadhani walikuwa na haki nusu, ila kwa sababu ambayo wengi wao hawakuitaja.

Turudi kwenye mkwaju mfupi. Chuoni mkwaju hupigwa kutoka yadi ya 35, si ya 40. Mkwaju mfupi ukishindwa, mpinzani anauchukua mpira kwenye yadi ya 45 ya upande wako: amebakiza yadi 45 kufika golini. Mkwaju mrefu chuoni mara nyingi unavuka mstari wa goli, na mpinzani anaanzia yadi ya 25 ya upande wake: amebakiza yadi 75. Tofauti ni yadi 30. Ile bei ya yadi 15 iliyouweka msingi wa wazo zima imepanda maradufu, bila Kelley kufanya kosa lolote uwanjani. Mikwaju 3 iliyoshindwa sasa inagharimu yadi 90, karibu uwanja mzima.

Kubutua nako ni kitu kingine chuoni. Mpigaji wa chuo hupeleka mpira mbali na juu kuliko mtoto wa sekondari, na walinzi wa chuo hawafungwi mara 77 kati ya 100 kutoka yadi ya 40. Kwa hiyo kubutua kunanunua zaidi ya ile 15 ya asilimia. Na upande wa pili wa mizani, uwezekano wa kufanikiwa jaribio la nne ulishuka, kwa sababu Presbyterian haikuwa bora kuliko wapinzani wake kama Pulaski ilivyokuwa. Kila tarakimu iliyoingia kwenye hesabu ilisogea upande mmoja.

Liko jambo la ziada ambalo naliona zito kuliko hayo. Mkakati wa Kelley huongeza wingi wa mashambulizi katika mchezo: mpira hubadilishana mikono haraka, pande zote mbili zikianzia karibu na goli. Timu iliyo bora hufaidika na wingi huo, kwa kuwa kadiri nafasi zinavyokuwa nyingi ndivyo ubora unavyojitokeza na bahati inavyopungua. Timu dhaifu inahitaji kinyume chake: nafasi chache, saa ikimbie, ajali moja njema iamue. Pulaski ilikuwa bora karibu kila Ijumaa. Presbyterian ilikuwa dhaifu karibu kila Jumamosi, na iliingia uwanjani na mpango uliompa mpinzani muda wa kutosha kulithibitisha hilo.

Mtu aliyewaambia wenzake kwa miaka 18 kwamba mazoea si hoja, na kwamba kila uamuzi upimwe kwa takwimu za mahali ulipo, alikwenda mahali pengine na mpango uliojengwa kwa takwimu za mahali pa kwanza. Nasema hivi kwa heshima kubwa kwa kazi yake. Huenda miezi 4 haikumtosha kubadili. Huenda pia chuo kilimwajiri kwa ajili ya jina lake, na kocha aliyeajiriwa kwa sababu habutui angewezaje kusimama mbele ya waandishi wa habari na kubutua? Presbyterian ilihitaji atumie njia yake ya kufikiri. Ilichopata ni matokeo ya njia hiyo yaliyokokotolewa Little Rock.

Na huko Little Rock, nafasi yake ilichukuliwa na Anthony Lucas, aliyewahi kuwa mpokeaji wa pasi wa Chuo Kikuu cha Arkansas. Pulaski ilitwaa ubingwa wa jimbo msimu huohuo wa 2021, na tena msimu wa 2022 ikiwa imepanda daraja. Hiyo ndiyo dalili niliyoiahidi. Kwa wanaosema Kelley alikuwa na wachezaji wazuri tu, ni ushahidi wa nguvu. Mimi naukubali kwa sehemu: shule ilikuwa na vipaji, na vingeshinda mataji kadhaa kwa kocha yeyote mzuri. Lakini vijana wale wa 2021 walikulia katika programu iliyowafundisha majaribio 4 tangu wakiwa wadogo, na Lucas aliirithi programu hiyo ikiwa inatembea yenyewe. Nani anastahili kiasi gani, hesabu za Romer haziwezi kutuambia.